Kijiwe cha Kahawa kama Tukio la Kifasihi: Soga, Kiasi na Uenyeji Mjini Mpanda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna soga ya kijiwe cha kahawa inavyoshughulikiwa katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili, kwa kuutumia mji wa Mpanda, mkoani Katavi, kama kielelezo. Hoja kuu ni kwamba kahawa ni sehemu ya tukio la soga, na haipaswi kuchukuliwa kuwa mandhari yake tu. Kikombe kidogo hugawa zamu za kusema, hupima muda na humpa mgeni haki ya kukaa. Kwa msingi huo, makala yanapinga misimamo miwili: ule unaokiona kijiwe kuwa makao ya uzembe, na ule unaoupima uenyeji wa kitu kwa udongo kilikoota. Katavi haihesabiwi miongoni mwa mikoa mashuhuri ya kilimo cha kahawa, lakini kahawa inao wenyeji Mpanda, na uenyeji huo umejengwa kwa matumizi na kwa lugha.

1.0 Utangulizi

Katika makala yake ya mwaka 1989, "Tanzu za Fasihi Simulizi," iliyochapishwa katika jarida la Mulika, Mulokozi aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha fulani wa kijamii, ambamo fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati huingiliana. Maelezo hayo yaliisaidia taaluma kuondokana na mtazamo wa kuiona fasihi simulizi kama matini tu, yaani maneno yaliyonukuliwa na kutengwa na watu waliyoyasema. Katika uainishaji huohuo, soga ilipewa nafasi miongoni mwa vipera vya utanzu wa mazungumzo.

Nafasi hiyo, hata hivyo, imebaki kuwa ya jina zaidi kuliko ya uchambuzi. Methali, vitendawili, nyimbo na tendi zimehakikiwa kwa mapana na marefu. Soga hutajwa katika orodha, ikatolewa fasili ya sentensi moja au mbili, kisha mhakiki akasonga mbele. Sababu mbili zinaweza kutolewa. Kwanza, soga haina mwanzo maalumu wala mwisho maalumu, haina mtunzi anayeweza kutajwa, na umbo lake hubadilika kwa kadiri watu wanavyokuja na kuondoka. Mhakiki aliyezoea kushika matini hukosa pa kushika. Pili, mahali soga inapostawi zaidi mijini, yaani kijiweni, pana sifa mbaya. Mtu husemwa kuwa "anashinda kijiweni" kwa maana ya kwamba hana kazi, na taaluma imekuwa kama iliyoazima dharau hiyo bila kuihoji.

Makala haya yanadai kwamba pengo hilo linatokana pia na jambo la tatu, la kinadharia. Vipengele sita vya Mulokozi vinataja mahali na wakati, lakini havisemi ni nini kinachoufanya mahali fulani pawe pa soga na wakati fulani uwe wa soga. Katika kijiwe cha kahawa, jibu limo mikononi mwa wasemaji: ni kikombe. Ili kuitetea hoja hiyo, makala yanaanza na mji wenyewe, yanaupitia msamiati wa kahawa, kisha yanachunguza namna kikombe kinavyoratibu usemaji na maadili yanayoambatana nacho.

2.0 Mpanda na Suala la Uenyeji wa Kahawa

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Ni mji uliokuzwa na njia. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa takriban kilomita 210, lilijengwa katika zama za ukoloni wa Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, likauunganisha mji na Reli ya Kati. Uchimbaji huo ulipokoma, reli ilibaki ikileta watu na bidhaa. Pamoja na Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, mkoa huu una Wafipa, Wanyamwezi, Waha na Wasukuma waliohamia kwa kilimo, biashara na ufugaji. Tangu miaka ya 1970 una pia makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi walioikimbia Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania.

Mashamba ya mkoa huu hutoa mahindi, mpunga, karanga na tumbaku. Misitu yake ya miombo hutoa asali. Kahawa ya Tanzania hutajwa pamoja na majina mengine: Kilimanjaro, Kagera, Mbozi, Mbinga, Kigoma. Kwa kipimo cha udongo, basi, kahawa inayonywewa Mpanda ni mgeni. Hapo ndipo penye suala la kinadharia. Je, desturi iliyojengwa juu ya mmea uliootea kwingine inaweza kuhesabiwa kuwa ya wenyeji?

Jibu la haraka huwa ni kuirudisha desturi hiyo pwani: kwamba unywaji wa kahawa ulifika bara pamoja na misafara ya Tabora na Ujiji, ukaletwa na Waswahili na Waarabu, na kwamba kijiwe cha bara ni mwigo wa baraza ya pwani. Maelezo haya yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Katika utafiti wake kuhusu Wahaya, Weiss (2003) anaonyesha kwamba kaskazini magharibi mwa Tanzania buni zilitafunwa, zikapewa wageni na zikatumiwa kufunga udugu kabla kahawa haijafanywa zao la biashara la kikoloni. Bara, kwa hiyo, palikuwa na ukarimu wa kahawa usiotegemea birika wala kikombe cha pwani. Mji kama Mpanda, unaokaa kati ya njia ya Tabora, ziwa Tanganyika na mikoa ya magharibi, hauwezi kusomwa kama kituo cha mwisho cha desturi moja iliyosafiri kutoka mashariki.

Mchango wa Malkki (1995) unafaa kuusaidia uhakiki huu, ingawa yeye hakuandika kuhusu kahawa. Aliwalinganisha wakimbizi wa Kirundi waliokaa katika makazi ya Mishamo na wale waliokaa katika mji wa Kigoma. Alionyesha kwamba wa Mishamo walijenga simulizi ya pamoja ya taifa lililo uhamishoni, ilhali wa mjini waliishi kwa kuchanganyika na kuchukua vitambulisho mbalimbali. Somo la jumla ni kwamba uhusiano wa watu na udongo haujitokezi wenyewe. Hujengwa kwa masimulizi, na sitiari ya mizizi ni mojawapo ya masimulizi hayo. Ikiwa ni hivyo kwa watu, hakuna sababu ya kuifanya mizizi kuwa kipimo pekee cha uenyeji wa vitu wanavyokunywa watu hao. Mazungumzo yanaweza kuijenga nyumba ya kahawa mahali ambapo mbuni haukupandwa.

3.0 Msamiati wa Kahawa na Ngazi Zake za Heshima

Lugha yenyewe inatunza ushahidi wa safari hii. Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu maneno mawili: *kahawa* kwa kinywaji na *buni* kwa punje. Kisha kikayaingiza katika ngeli zake na kuyazalisha. Kutokana na *buni* lilipatikana *mbuni*, jina la mti, katika ngeli ileile ya mwembe na mchungwa. Kutokana na *kahawa* lilipatikana *mkahawa*, ambalo Tanzania hutamkwa pia *mgahawa*, umbo linaloelekea kuakisi matamshi ya Kiarabu cha Ghuba. Mgahawa wa leo unaweza kuuza wali, ugali na soda bila kuuza kahawa hata kikombe kimoja. Neno limehama kutoka kwenye kinywaji hadi kwenye jengo, na kinywaji kimetoka nje, kwenye jiko la mkaa la muuzaji wa kando ya barabara.

Mwendo wa *baraza* ni wa kupanda ngazi. Kutoka kwenye kibao cha mawe mbele ya nyumba, neno lilifikia kutaja kikao cha watu, na kutoka hapo likafika serikalini: Baraza la Mawaziri, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. *Kijiwe* kilianzia mahali palepale, jiwe la kukalia, lakini kwa kiambishi cha udogo, na udogo huo haukukiachia. Hakuna kijiwe cha mawaziri. Tofauti hii ya kimsamiati inaendana na tofauti ya kitaaluma. Baraza za pwani zimepata watafiti wake: Kresse (2007) alizisoma za Mombasa kama mahali pa kufanyia falsafa, na Loimeier (2007) alizichunguza za Zanzibar kama mahali ambapo mambo ya dunia hujadiliwa kienyeji. Kijiwe cha bara, ambapo dini na makabila huchanganyika na ambapo aghalabu hakuna mwanazuoni anayetambuliwa, hakijapewa heshima hiyo.

Ulinganisho na *chai* unaongeza jambo moja. Katika matumizi ya Tanzania, chai ni kifungua kinywa, hata kama kilichonywewa ni uji. Ni hongo, mtu anapodaiwa "ya chai" ofisini. Katika lugha ya vijana, ni habari ya kubuni au iliyotiwa chumvi. Kahawa haikupata maana hizo. Inaelekea sababu ni mahali pa kunywea. Chai ni ya ndani: nyumbani na ofisini, ambapo jambo linaweza kufanywa kwa siri. Kahawa ya kijiweni hunywewa hadharani, mbele ya watu ambao kila mmoja anaona nani amelipa na nani amelipiwa. Ni vigumu kuifanya sitiari ya hongo.

4.0 Kikombe kama Mratibu wa Soga

Vifaa vya kijiwe ni vichache: birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo, ndoo ya maji ya kuvisuuzia, sinia la kashata, na mabenchi au mawe ya kukalia. Kahawa hutolewa chungu, bila sukari; utamu huachiwa kashata. Kila kimoja cha vifaa hivi kina athari katika usemaji.

Kikombe ni kidogo, na ni cha muuzaji. Mnywaji hawezi kuondoka nacho. Akitaka kunywa ni lazima akae au asimame pale, na akimaliza ni lazima akirudishe ili kisuuzwe na kupewa mwingine. Kwa hiyo, unywaji ni wa zamu, na zamu ya kikombe inaandamana na zamu ya kusema. Anayepuliza kahawa yake ya moto anasikiliza. Aliyeshusha kikombe anaweza kuchukua hoja. Kauli fupi za aina ya "niongezee," "mpe na huyu" au "hicho changu" huingia katikati ya simulizi bila kuivunja, na mara nyingi humpa msimuliaji nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kilele. Mhakiki anayenukuu soga huelekea kuzifuta kauli hizo akizichukulia kuwa kelele. Kwa kufanya hivyo anafuta alama za vituo za tukio.

Muda nao hupimwa kwa kikombe. Mtu aliyeahidi kunywa kimoja tu amejiwekea mpaka wa kukaa. Akiagiza cha pili ametangaza kwamba habari inayosimuliwa inamstahili. Fanani wa soga, tofauti na mtambaji wa ngano, hupata hukumu ya hadhira yake papo hapo na bila makofi: watu huongeza kikombe au huaga. Muuzaji, ambaye kwa kawaida hatajwi katika orodha ya washiriki, ndiye anayeiona hukumu hiyo waziwazi. Yeye ndiye mtu pekee anayekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiye anayejua jana mjadala uliishia wapi, na anaweza kuuwasha upya kwa swali moja au kuuzima kwa kukusanya vikombe. Kumwita muuza bidhaa tu ni kupunguza sura yake. Katika tukio hili yeye ni mwenyeji wa jukwaa.

Kikombe, vilevile, ni hati ya kuingilia. Mji uliojengwa na wahamiaji una watu wengi wasiojuana kwa ukoo. Mgeni anayeshuka katika treni hawezi kuingia barazani kwa mtu bila hodi na bila kujieleza yeye ni mtoto wa nani. Kijiweni anaketi kwa bei ya kikombe. Salamu yake huitikiwa, nafasi husogezwa kwenye benchi, na baada ya muda anaweza kuulizwa huko atokako hali ikoje. Swali hilo linamgeuza kuwa fanani. Uenyeji hapa haumwulizi alipozaliwa. Unamtaka asikilize zamu za wengine, alipe au alipiwe, na siku nyingine awalipie wenzake.

Ushahidi huu unatosha kupendekeza marekebisho ya kiasi katika nadharia. Kuongeza kipengele cha saba si lazima. Kinachohitajika ni kukubali kwamba mahali na wakati katika utendaji wa soga huzalishwa na kitu kinachotumiwa, na kwamba uchambuzi unaokiacha kitu hicho nje umeacha nje sehemu ya fani.

5.0 Kiasi, Matumizi Makini na Dharau ya Kijiwe

Katika miaka ya karibuni, mjadala wa dunia kuhusu ulaji umehimiza matumizi makini: mtu anywe taratibu, ajue kinywaji kimetoka wapi, anunue kwa jirani kabla ya kununua kwa kampuni ya mbali. Mjadala huu unapoingia katika Kiswahili huelekea kuzungumza na mnunuzi mmoja mmoja, kana kwamba umakini ni jambo la mtu na kikombe chake. Kijiwe kinatoa dhana tofauti, nayo ina jina la zamani: *kiasi*. Kiasi ni kipimo baina ya watu. Asiyekuwa na kiasi ni yule anayeshika zamu ya kusema kupita kadiri, anayelipiwa kila siku bila kulipia, au anayemaliza kashata wakati wengine hawajaonja. Umakini huo haukufundishwa na tangazo. Unalindwa na macho ya wenzake.

Kwa upande wa bidhaa, kijiwe kina sifa nyingine isiyosemwa. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi kabla ya kukaangwa. Kahawa ya kijiweni hukaangwa, hutwangwa, hupikwa na kunywewa nchini, pamoja na kashata ambayo karanga zake zinapatikana katika mashamba ya karibu. Mtetezi wa bidhaa za nyumbani angeweza kuanzia hapo.

Hata hivyo, uhakiki hautakuwa wa haki ukiishia kwenye sifa. Kahawa ya kijiweni hupambanuliwa kwa ladha na kwa muuzaji, si kwa asili. Watu huenda "kwa Mzee" fulani. Ni nadra kuuliza kama punje zimetoka Kigoma au Kagera. Jina la muuzaji linampa kahawa uenyeji wa mji, lakini jina hilohilo linamfunika mkulima. Soga inaweza kuijadili bei ya mahindi au ya tumbaku kwa uchungu, kwa kuwa wakulima wake wako hapo, huku mkulima wa kahawa iliyomo kikombeni akikosa msemaji. Kama uenyeji hujengwa kwa masimulizi, basi kuna simulizi ambayo kijiwe bado hakijaisimulia.

Dharau ya kijiwe, kwa upande wake, ina historia. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 na operesheni zilizoandamana nayo ziliwalenga watu waliohesabiwa kuwa wazururaji mijini, na lugha ya operesheni hizo ilikazia mgawanyo wa watu wa kazi na watu wa vijiweni. Mgawanyo huo hauendani na hali halisi. Kijiweni ndipo kibarua husikia kazi inapatikana wapi, mkulima husikia bei, na msafiri husikia habari za njia. Kukiita kijiwe uzembe ni kuhukumu kwa kuangalia mkao wa watu bila kusikiliza maneno yao. Na fasihi simulizi ndiyo taaluma ambayo haikupaswa kufanya kosa hilo.

6.0 Wasiokuwapo Kijiweni

Habermas (1962) alipoeleza kuzuka kwa umma wenye kujadili mambo katika Ulaya ya karne ya 17 na 18, alizipa nafasi kubwa nyumba za kahawa, hasa za London. Fraser (1990) alimkosoa kwa kuuona umma huo kuwa wazi kwa wote ilhali wanawake na watu wa tabaka la chini walifungiwa nje. Ukosoaji huo unakihusu kijiwe moja kwa moja. Kikombe kinachomkaribisha mgeni wa kiume kutoka mbali hakimkaribishi kwa urahisi mwanamke wa mtaa uleule. Kashata inaweza kuwa imepikwa na mwanamke, na karanga zake zikawa zimepaliliwa na mwanamke, lakini zamu za kusema ni za wanaume.

Madai ya kwamba kijiwe ni sauti ya mji hayana budi, kwa hiyo, kupunguzwa. Ni sauti ya sehemu moja ya mji. Soga za wanawake zina majukwaa yake: kwa mama lishe, bombani, katika vikundi vya kuwekeana akiba. Huko nako kuna vitu vinavyoratibu zamu, iwe ni ndoo iliyo kwenye foleni au daftari la michango. Njia ya uchambuzi iliyopendekezwa hapa inaweza kuhamishiwa huko bila kulazimisha kahawa iwe kipimo cha kila soga. Kama haiwezi kuhamishika, basi imekuwa maelezo ya kijiwe tu na haijawa nadharia ya soga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba soga imebaki pembezoni mwa uhakiki kwa sababu imetenganishwa na kitu kinachoibeba. Katika kijiwe cha Mpanda, kikombe cha kahawa hugawa zamu, hupima muda na kumpa asiyejulikana nafasi ya kuketi na kusema. Aidha, imeonekana kwamba uenyeji wa kahawa katika mji usiosifika kwa kilimo chake hauwezi kuelezwa kwa sitiari ya mizizi. Unaelezeka kwa matumizi yanayorudiwa kila asubuhi na jioni, na kwa lugha ambayo yenyewe ilipokea *kahawa* na *buni* kutoka ng'ambo ikayapatia ngeli na watoto.

Kazi inayofuata ni ya uwandani. Mtafiti wa soga atapaswa kurekodi milio ya vikombe pamoja na maneno, kuhesabu vikombe pamoja na vituko, na kumhoji muuzaji kwa heshima ileile anayopewa manju au mtambaji. Akifika kijiweni na kinasa sauti chake, itambidi kwanza aagize kahawa na kusubiri zamu yake.